Uliza Fundi wa Maji: Silanga yavuja chini, kamati yasema ni baraka

Masika yamepita na barua zimejaa. Kawaida nyinyi wa Mombasa huniuliza mita zinazozunguka bila maji na visima vya chumvi, mwezi huu naona ni mabwawa ya udongo tu, yale madogo tunayoyaita silanga, na wala sishangai. Sisi hapa mjini tunakunywa maji ya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, hatuna bwawa la kuangalia, ila nani kati yetu hana nyumbani kwao Kinango, Kaloleni, Ganze ama Samburu? Mtu anapanda matatu Ijumaa kwenda kumjulia mama hali, Jumapili anarudi na picha za ukuta unaovuja kwa simu. Basi leo ni mabwawa, nyinyi wa mita mnisubiri kidogo.

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Nafanya kazi Changamwe lakini kwetu ni ndani huko Kinango. Tuna silanga kubwa ilochimbwa na mradi zamani, ukuta ni wa udongo, ukisimama chini yake ni kama watu wanne kwenda juu, na hiyo ndo inapeleka maji kioski mbili, shule na ng'ombe wa kijiji kizima. Mwezi wa tano ilijaa mpaka juu. Sasa kuna maji yanatokeza chini ya ukuta upande wa mashamba, pahali pamoja tu karibu na kichuguu, na wanawake washaanza kuchota hapo manake ni karibu kuliko kioski. Wazee wa kamati wanasema hiyo ni chemchemi, ni baraka. Kontrakta alishaenda zamani, hakuna hata mwenye namba yake. Nyumba ya mamangu iko chini kabisa. Je niwe na wasiwasi ama najisumbua bure? — *Kijana wa Kinango, Changamwe*

JIBU: Waaleikum salaam. Hujisumbui bure, lakini pia usiende kuhamisha kijiji usiku huu, kwanza tujue hayo ni maji gani.

Kila ukuta wa udongo hupitisha maji kidogo. Injinia anayejua kazi yake analijua hilo toka mwanzo na anayatengenezea njia: katikati ya ukuta anashindilia udongo wa mfinyanzi, chini anachimba mtaro mpaka ardhi ngumu na kuujaza mfinyanzi huohuo, na upande wa nje anaweka mchanga na kokoto ili maji yapite udongo ubaki. Kwa hivyo unyevu mguuni mwa ukuta peke yake si habari. Habari ni pale maji yanapoongezeka na bwawa halijaongezeka, ama yanapotoka kwa nguvu pahali pamoja, ama yanapokuwa na rangi, na hiyo ya rangi ndo kubwa kuliko zote.

Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, kinga palepale yanapotokeza kabla hayajagusa matope ya nje, iwache juu ya meza hadi kesho yake bila kuigusa. Ukikuta utando wa udongo chini, hata uwe mwembamba, maana yake maji yanabeba ukuta wenu kutoka ndani punje kwa punje, na kila punje ikitoka njia inapanuka, njia ikipanuka maji yanakwenda kasi na kubeba zaidi, na yote hayo yanafanyika ndani ambapo hakuna anayeona mpaka siku ukuta ubonyee juu. Halafu chukua ndoo ya lita 20, weka kipande cha bati ama paipu maji yote yaingie, hesabu kwa simu inajaa kwa muda gani. Andika tarehe, andika muda, andika maji ya bwawa yamefika wapi, kama hakuna nguzo ya kupimia piga alama ya rangi kwenye jiwe. Mtafutie mtoto mmoja wa sekondari hapo kijijini umkabidhi kazi hiyo kila asubuhi. Daftari lake huenda likawa ndo rekodi ya kwanza kabisa ya bwawa lenu, na sitanii, nimeona mabwawa ambayo hata mchoro hakuna mwenye nao.

Kwa nini kila asubuhi? Manake mambo haya yakianza hayangoji kikao cha kamati. Kule Marekani, jimbo la Idaho, kulikuwa na bwawa la udongo la Teton, hilo si silanga, ni mlima wa mita zaidi ya 90 uliojengwa na idara ya serikali yenye mainjinia wa kutosha. Tarehe 5 Juni 1976 asubuhi waliona maji ya matope yakitoka ubavuni mwa ukuta. Wakapeleka matingatinga yasukume udongo kwenye shimo, matingatinga yenyewe yakamezwa, na kabla ya saa sita mchana ukuta ulikuwa umekwenda. Walikufa watu 11, na hao 11 ni kwa sababu watu waliwahi kupigiwa simu wakahama, na kulikuwa mchana. Ilikuwa ndo mara ya kwanza bwawa lile linajazwa. Hapa kwetu mara ya kwanza kujaa sawasawa inaweza kuja miaka kumi baada ya kontrakta kulipwa, kwa sababu mvua zetu ni hizi tunazozijua, miaka miwili kiangazi halafu mwezi mmoja gharika. Kwa hivyo usiambiwe "bwawa hili ni la zamani lishazoea". Huenda halijawahi kupimwa.

Sasa kichuguu. Hapo ndo roho yangu haikutulia nikisoma barua yako. Mchwa wanapenda ukuta wa bwawa, udongo umeshindiliwa, una unyevu, hausumbuliwi na jembe, na vyumba vyao vinakwenda ndani sana, sasa bwawa likipanda mpaka usawa wa vyumba hivyo maji yanakuta nyumba imeshachimbwa tayari. Kumwaga dawa juu na kuvunja kichuguu hakutoshi, mashimo yanabaki. Inatakiwa pachimbwe mpaka mwisho wa njia zao halafu pajazwe udongo uleule kwa matabaka membamba, kila tabaka likishindiliwa, na hiyo kazi inafanywa bwawa likiwa chini, si likiwa limejaa.

Kitu kimoja nawaomba msifanye, hata kama yuko fundi simiti kijijini amejitolea: msizibe tundu kwa nje. Najua mkono unawasha. Ukiziba kwa simiti maji hayaachi kusukuma, yanatafuta pa kutokea pengine, na pengine pakawa juu zaidi na pabaya zaidi. Kinachowekwa pale ni mchanga safi wa mto kwanza, juu yake kokoto ndogo, juu yake mawe ya kukandamiza. Maji yaachiwe yatoke, udongo ndo uzuiwe. Na wakati huohuo fungueni valvu ya chini mpunguze maji ya bwawa taratibu. Kama valvu imeshika kutu haizunguki (na nadhani imeshika), hilo peke yake liandikeni kwa barua, manake bwawa lisiloweza kupunguzwa maji ni gari lisilo na breki.

Jaribio la mwisho, hili ni la bure. Chota bonge dogo kavu la udongo wa ukutani, kama ncha ya kidole, litumbukize polepole kwenye glasi ya maji matulivu, usikoroge. Likibomoka na kulala chini ni kawaida. Lakini likianza kutoa wingu jeupe linalosambaa kwenye maji na haliishi hata baada ya saa moja, huo ni udongo unaojiyeyusha wenyewe, na ukuta wa udongo huo unaweza kutoboka kwa uvujaji mdogo sana ambao ukuta mwingine ungeustahimili. Tumia maji ya mvua. Usitumie maji ya kisima cha huku Mombasa, chumvi hushikanisha udongo na jaribio litakudanganya kwamba uko salama.

Chupa ikiwa safi na ndoo inajaa kwa muda uleule wiki baada ya wiki, mna kazi ya kuomba mkaguzi, si ya kukimbia. Chupa ikiwa chafu, ama ndoo iliyokuwa ikijaa kwa dakika tano sasa ni tatu, mama alale kwa jirani aliye juu mlimani na wewe piga simu kwa chifu siku hiyohiyo. Na wanawake waambiwe waache kuchota pale, si kwa sababu maji ni machafu, ni kwa sababu wanapakanyaga na kupachimba kila siku.

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya maji, kwetu Kaloleni ila naishi Mikindani. Bwawa letu lina ile njia ya pembeni ya kumwaga maji yakijaa. Mwaka jana tulitia samaki. Wakawa wanatoroka kwa hiyo njia mvua ikizidi, kwa hivyo tukafunga wavu, na vijana wakapanga magunia ya mchanga kama futi mbili ili maji yakae mengi zaidi ya kiangazi. Injinia mmoja alipita akatugombeza sana mbele za watu. Kwani tumekosa nini, maji si yetu? — *Katibu, Mikindani*

JIBU: Maji ni yenu katibu, na samaki ni wenu. Injinia alikosa adabu ya kuwagombeza hadharani, ila kwa hoja namuunga mkono asilimia mia.

Ukuta wa udongo una adui mmoja mkubwa, nao ni maji kupita juu yake. Simiti huweza kuvumilia kidogo, udongo hauvumilii: maji yakishuka upande wa nje yanakata mfereji, mfereji unarudi nyuma kuelekea bwawani, na ukishafika juu mambo yamekwisha. Hiyo njia ya pembeni, spilwei, imewekwa chini kuliko kilele cha ukuta makusudi ili hilo lisitokee hata siku moja. Zile futi mbili mlizoziona za bure ndo zilikuwa za siku ya gharika.

Hebu tupige hesabu pamoja, chukua kalamu. Tuseme eneo linaloteremsha maji mpaka bwawani ni kilomita mbili za mraba, si kubwa, ni vilima viwili vitatu. Inyeshe milimita 50, mvua ambayo masika ya Pwani hutupa bila kututangazia. Hiyo ni mita za ujazo 100,000 zimeanguka. Nusu tuseme imenyonywa na ardhi. Zimebaki 50,000, yaani lita milioni 50, boza za lita elfu kumi hizo zinazotuuzia maji mjini ni boza 5,000. Zikiingia kwa saa nne ni tani tatu na nusu kila sekunde, na hiyo ni wastani tu, katikati ya mvua ni zaidi. Sasa simama pale kwenye magunia yenu ujiulize tani hizo zitapita wapi. Na wavu nao siku hiyo hautakamata samaki, utakamata matawi, mabua ya mahindi na machupa, na baada ya nusu saa huo si wavu tena, ni ukuta.

Wala si maneno ya kutisha tu, yametokea hivyohivyo. Pennsylvania, Marekani, mwaka 1889 kulikuwa na bwawa la udongo la South Fork, wenyewe ni matajiri wa klabu ya uvuvi. Waliweka vyuma kwenye spilwei samaki wasitoroke. Kilele cha ukuta kilikuwa kimeshushwa ili magari ya farasi yapite, na mabomba ya chini ya kupunguzia maji yalishang'olewa zamani yakauzwa kama vyuma chakavu. Tarehe 31 Mei mvua kubwa ikaja, vyuma vikaziba kwa takataka, maji yakapita juu ya ukuta, na mji wa Johnstown ulioko chini ukapoteza watu 2,209. Mwangalie bwana katibu, samaki, njia juu ya ukuta, na bomba la chini. Nyinyi mna samaki tayari. Njia juu ya ukuta je? Ng'ombe wakipita palepale kila siku wanachimba bonde, hata la futi moja, na maji yatapita hapo kabla hayajaijua spilwei.

Toeni magunia wiki hii, msingoje vuli. Samaki mkitaka kuwazuia, wekeni wavu mbali ndani ya bwawa, kwa vizimba, si mdomoni mwa spilwei. Na kama kweli mnahitaji maji zaidi ya kiangazi, kuna njia mbili halali: fukueni tope lililojaa chini, ama mumtafute injinia aliyesajiliwa auchore ukuta upya uongezwe pamoja na spilwei yake. Hiyo ya pili inahitaji kibali kipya, narudia, kibali.

SWALI: Shule yetu imetupa miche tupande juu ya ukuta wa bwawa ushike udongo. Mwarobaini na mikorosho. Ni sawa? — *Mwalimu, Likoni*

JIBU: Hapana mwalimu, pandeni pembeni ya bwawa, mbali na mguu wa ukuta. Juu ya ukuta ni ukoka tu, ufyekwe uwe mfupi mtu aone nyufa na mashimo ya panya. Mzizi wa mti mkubwa ukifa unaoza na kuacha tundu, na mti wenyewe ukiangushwa na upepo wa kusi unaondoka na kipande cha ukuta. Kama kuna mti ulishakuwa mnene tayari msiukate kiholela, kisiki chake nacho kitaoza, aje mtu aamue ung'olewe vipi na pajazwe nini.

SWALI: Fundi hebu tuambie ukweli, kwani hayo mabwawa madogo serikali huyakagua ama ni siku ya kuzindua tu ndo tunaona magari? Kaunti inasema ni WRA, WRA inasema ni mwenye bwawa, mwenye bwawa ni mradi uliofungwa. Na hili la Mwache linalojengwa je, si ndo la kuogopa zaidi? — *Mama wa Maskani, Kisauni*

JIBU: Mama, wote watatu wanasema kweli, na hapo ndo ubaya ulipo.

Kwa sheria, yaani Sheria ya Maji ya 2016, anayesimamia mito na mabwawa ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, hiyo WRA. Ukiziba mto ama korongo unahitaji kibali chao, michoro iwe ya mtaalamu aliyesajiliwa, na NEMA nao waangalie mazingira. Kaunti kazi yake ni huduma ya maji, ndo maana inachimba silanga na kuweka kioski, lakini kuchimba silanga hakuifanyi iwe mkaguzi wa silanga yake yenyewe. Na mwenye bwawa ndiye anayebeba jukumu la kulitunza siku zote. Sheria haina kosa hapo. Kosa liko kwa bwawa ambalo mwenyewe hajulikani, mradi umefunga ofisi, kamati imechaguliwa kuuza maji kwa mtungi na haikuambiwa hata siku moja kwamba ule ukuta nao ni wao.

Matokeo tuliyaona Solai, kaunti ya Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018. Bwawa la udongo kwenye shamba la watu binafsi, mvua ya masika, ukuta ukapasuka watu washalala. Walikufa watu wasiopungua 47, wengi watoto na kina mama. Baadaye ndo tukasikia maafisa wa maji wakisema mabwawa ya shamba lile hayakuwa na vibali. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakiyaona, si sindano yale mama, ni mabwawa, yanaonekana kwa macho. Serikali ikaagiza ukaguzi nchi nzima. Mimi najiuliza bwawa ambalo halimo kwenye faili lolote lilikaguliwaje.

Kuhusu Mwache, la, mimi siliogopi zaidi. Lile ni la simiti, refu mno, lina pesa za Benki ya Dunia, na benki ile ina sharti lake kwamba bwawa la mita 15 kwenda juu liwe na jopo la wataalamu wa nje wanaokagua michoro, ujenzi na kujazwa kwake. Wale wa fidia wana malalamiko yao na wana haki, hilo ni jambo jingine. Lakini kwa usalama wa ukuta, macho ni mengi. Ukuta wa mita sita huko ndani una macho ya nani? Ya mchunga ng'ombe.

Kanuni zetu za mwaka 2007 ziligawa mabwawa madaraja matatu, chini ya mita 5 ni hatari ndogo, mpaka karibu 15 ni ya kati, juu ya hapo ni kubwa, pamoja na ujazo wa maji na ukubwa wa eneo linaloyaleta. Ulikuwa mwanzo mzuri ila mimi nina tatizo nao, manake kipimo kile kiliangalia ukuta na maji, hakikuwaangalia wanaoishi chini. Mwaka 1977, mwezi wa Novemba, huko Toccoa, Georgia, bwawa la udongo la mita kama 12 tu lilipasuka usiku wa manane likaua watu 39, kwa sababu chini yake palikuwa na chuo na familia zimelala. Lingekuwa porini lingeua miti. Afrika Kusini wamelifikiria hili, bwawa lenye ukuta zaidi ya mita 5 na maji zaidi ya mita za ujazo 50,000 linaandikishwa, halafu daraja lake linatoka kwa vitu viwili, ukubwa wake na madhara yake likipasuka, kwa hivyo dogo lililo juu ya kijiji hupanda daraja. Waingereza nao baada ya maafa mawili ya mabwawa kupasuka 1925 walitunga sheria 1930, na siku hizi kule England bwawa la lita milioni 25 kwenda juu, likiwa limewekwa daraja la hatari kubwa, huangaliwa na injinia wa nje walau kila miaka kumi, na si huyo aliyelijenga. Miaka kumi si mingi wala si michache, cha maana ni kwamba iko tarehe na iko jina la mtu aliyesaini.

Hicho ndo ningekidai kwa kila silanga ya Kwale na Kilifi kabla ya kudai simiti na matingatinga. Jina la mwenye bwawa, namba ya kibali, jina la aliyekagua mwisho na tarehe. Yaandikwe kwenye kibao palepale kilipo kile kibao cha uzinduzi chenye jina la mheshimiwa, nafasi ipo. Ukienda ofisini usiende na malalamiko ya mdomo. Andika barua moja, nakala ya kwanza kwa WRA, ya pili idara ya maji ya kaunti, ya tatu kwa chifu, kila moja igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Weka picha, weka namba za GPS kutoka kwa simu, weka lile daftari la ndoo. Wakianza kurushiana mpira, barua zote tatu zinaonyesha tarehe moja, na hapo mtu hupata haraka ya ajabu.

SWALI: Nimepata ploti huko juu njia ya Mariakani, bei nafuu sana, iko bondeni, udongo mweusi mzuri. Juu yake kama kilomita moja kuna bwawa la shamba, na kando kuna tuta la barabara. Broka anasema mafuriko hayajawahi kufika. Niweke pesa? — *Nataka Kujenga, Bamburi*

JIBU: Udongo mweusi bondeni umetoka wapi, umemwuliza broka? Maji ndo yaliuleta.

Usiangalie bwawa peke yake. Tarehe 29 Aprili 2024 alfajiri huko Mai Mahiu watu walisombwa na maji usingizini, makumi wakafa, na asubuhi nchi nzima ilisema bwawa la Old Kijabe limepasuka. Wizara ya Maji ikaja kueleza kwamba halikuwa bwawa, ni tuta la reli: njia ya maji iliyopita chini yake iliziba kwa mawe na magogo, maji yakajikusanya nyuma, tuta likawa ukuta ambao hakuna aliyeuchora kuwa ukuta. Likaachia. Kwa hivyo hilo tuta la barabara karibu na ploti yako nalo nenda ukachungulie kalvati zake, kama zimejaa tope na matawi nusu, umeshapata jibu la kwanza.

La pili, panda mpaka bwawani. Tafuta spilwei, kama haipo kabisa usiendelee kusoma, rudi mjini. Kama ipo, fuata inapomwaga, teremka nayo kwa miguu uone inapita wapi. Ikikuleta kwenye ploti yako basi unanunua njia ya maji yenye hati. Waulize wenyeji wa zamani, si broka, maji ya El Niño ya mwishoni mwa 2023 yalifika mti gani, watakuonyesha kwa kidole. La tatu mwulize mwenye shamba kibali cha WRA, mwambie tu unataka kupiga picha. Mwenye nacho hukitoa, huwa anajivunia. Akianza kukuuliza wewe ni nani na umetumwa na nani, mwambie broka ploti nzuri ziko nyingi, na kama ulishatoa deposti idai leo kabla hajaila.